Somo la Jumanne, Somo la Alhamisi

Kazini wananiita Komandoo. Sikujipa jina hilo, lakini sikulikataa, na mtu akiniita hivyo kwenye ujia wa ofisi mabega yangu hupanda yenyewe. Mimi ni afisa usalama wa kampuni ya kuchimba visima. Watu wetu hukaa porini wiki tatu, wakati mwingine mwezi mzima, wakilala kwenye mahema na kutafuta maji yaliyo chini ya ardhi, na kazi yangu ni kuhakikisha wanarudi nyumbani wazima. Wenzangu wa kampuni nyingine huandika kanuni wakazibandika ukutani. Mimi hufundisha kwa vitendo. Nina miaka hamsini na miwili, kilo tisini, magoti yananiuma, na bado naweza kumlaza chini dereva yeyote kabla hajamaliza kusema shikamoo.

Nayasema haya mapema ili msije mkanionea huruma. Nilikuwa mtu wa kujisikia, na kujisikia huko ndiko kulikoleta balaa, ingawa aliyeumia ni mwingine.

Nyuma ya ofisi yetu, kati ya rundo la mabomba na banda la jenereta, kuna uwanja mdogo wa saruji. Hapo ndipo ninaposimamisha hema la mafunzo. Kila timu inayokwenda porini hupita kwanza kwangu. Wanawake huja Jumanne: wapima maji, wajiolojia, karani wa stoo. Wanaume wa huduma huja Alhamisi: dereva, mlinzi, mpishi. Niliwatenganisha kwa sababu wanawake waliomba wenyewe. Hawakutaka kubiringishwa kwenye mikeka mbele ya madereva, ambao wangewatania mpaka mwisho wa mwaka. Nilikubali haraka. Na niseme kweli, ilinipa nafasi ya kurudia vichekesho vyangu mara mbili kwa wiki.

Somo la Jumanne lilikuwa jepesi kukariri. "Porini hakuna mlango wa kubishwa hodi," niliwaambia. "Mtu mwema atasimama mbali akuite. Anayegusa hema lako kimya kimya hajaja kukusalimia. Usimuulize jina wala anakotoka. Shika chupa ya pilipili, fungua zipu kiasi cha mkono kupita, mpulizie usoni, halafu piga filimbi mpaka kambi nzima iamke." Kisha najifanya jambazi, nanyata kulizunguka hema, nao wananipulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia maua. Nilikuwa narudi ofisini nimelowa chapachapa, watu wote mbavu hawana.

Somo la Alhamisi, lile ninalolisimulia hapa, lilizaliwa siku ileile niliyolitoa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimesoma taarifa ya kambi moja ya mbali. Watu wasiojulikana walijificha vichakani jioni nzima wakisikiliza jinsi wafanyakazi wanavyoitana, na kesho yake mmoja wao akaja kwenye hema la mwanamke, akamwita jina lake kwa sauti tamu, akafunguliwa. Nilikasirika. Niliingia uwanjani damu inachemka, nikawaambia wanaume watatu waliokuwa mbele yangu: "Kuanzia leo ni marufuku kuita jina la mwanamke kambini. Ukitaka kumwamsha, tikisa kamba ya hema lake mara mbili, rudi nyuma hatua tatu, simama kimya umsubiri atoke. Mara mbili. Hatua tatu. Mdomo umefungwa. Tumeelewana?"

Dereva aliitwa katikati ya somo akachukue dizeli. Mlinzi alikuwa ametoka zamu, kidevu kinagonga kifua. Aliyesikiliza ni mpishi peke yake. Huyu tunamwita Baba Mapacha, mtu mwembamba anayekaribia sitini, ambaye hata kwenye mafunzo alikuja na aproni yake ameikunja vizuri mapajani. Nilipokuwa naongea, midomo yake ilikuwa inacheza, anarudia maneno yangu moja moja. Nilipomaliza akanyoosha mkono.

"Komandoo, samahani. Na wanawake wanajua kwamba mara mbili ni sisi?"

Swali hilo nalikumbuka kuliko jina la mama yangu. Mimi niliyefundisha miaka kumi na minne sikuliona shimo lile, akaliona mtu wa sufuria. Nilichomjibu ni hiki: "Hilo niachie mimi, baba. Nitawaambia Jumanne."

Jumanne iliyofuata sikuingia uwanjani. Chama cha maafisa usalama kilikuwa kimeandaa hafla, na mimi nilikuwa nakwenda kupokea cheti. Suti niliipiga pasi mara tatu. Wanawake wa timu ile niliwapa ruhusa wakafungashe mizigo yao, kwa kuwa somo lao walishalipata wiki iliyotangulia na walilikariri kama wimbo. Jumatano asubuhi niliwapungia mkono getini. Nilipomwona Baba Mapacha akipanda gari na masanduku yake ya vyombo, nilihisi nimesahau kitu, kama mtu aliyeacha pasi kwenye umeme. Nikajiambia nitawapigia simu jioni. Sikupiga.

Ndani ya gari lile alikuwamo mwanangu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka tisa, na ananiita mamdogo. Amesomea mambo ya maji. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulala kambini, na chupa yake ya pilipili nilimnunulia mimi mwenyewe, nikamfundisha kuishika gizani, kwenye korido ya nyumba yetu, taa zimezimwa, mpaka alipoweza kuitoa chini ya mto kabla sijahesabu mbili.

Siku ya tisa, saa mbili asubuhi, simu ya ofisi ililia. Alikuwa dereva. Alisema mpishi alikwenda kwenye hema la mwanangu alfajiri, mwanangu akampulizia pilipili, mzee akageuka haoni mbele, akajikwaa kwenye kamba, akaangukia kigingi cha chuma uso mbele. Jicho la kushoto limeharibika. Walikuwa njiani kumpeleka hospitali.

"Na binti?" niliuliza.

"Mzima. Analia, lakini mzima. Komandoo, yule mzee tulimwona mtu wa heshima kumbe."

Kumbe. Neno hilo moja lilizunguka ofisi nzima kabla ya chai ya saa nne. Kumbe yule mzee. Kumbe na aproni yake. Meneja utumishi alikuja mezani kwangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mafunzo yangu yamemwokoa msichana. Jumatatu, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, mkurugenzi alinisimamisha, watu wakapiga makofi. Nilisimama nikatabasamu. Nilivishwa kilemba cha ukoka nikainamisha kichwa ili kikae vizuri, na wakati huo sikuwa najua bado. Hilo ndilo tendo pekee katika habari hii ambalo naweza kujitetea nalo: wakati wa makofi sikuwa najua.

Nilijua Jumanne. Meneja utumishi aliniletea maelezo mawili niyasome kabla ya kamati ya nidhamu kukaa. Ya kwanza yalikuwa ya mwanangu, nusu ukurasa, mwandiko unatetemeka. Ya pili yalikuwa ya Baba Mapacha. Alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili, kwa hiyo alisema na nesi akaandika.

"Niliamka kuwasha moto. Niliona siafu wanakwenda kwenye hema la mpima maji, mstari mnene kama kamba. Nilitikisa kamba ya hema mara mbili kama Komandoo alivyotufundisha. Nilirudi hatua tatu nikasubiri. Hakutoka. Siafu walikuwa wameshafika kwenye turubai. Nikasogea nikatikisa tena mara mbili. Zipu ikafunguka. Nikainama ili nimwambie."

"Siafu!" Meneja alicheka kwa pua. "Wanaume hawaishiwi. Timu nzima iling'oa mahema ndani ya nusu saa, hakuna aliyeona hata sisimizi." Kisha akaniangalia, bila shaka yoyote, kama mtu anayeuliza tu ili aandike. "Hii ya kutikisa kamba, uliwafundisha wewe?"

Nilikuwa nimeshaona yote kwa wakati mmoja: Jumanne niliwaambia wanawake kwamba anayegusa kimya ni adui, Alhamisi nikawaambia wanaume waguse kimya. Niliwapanga watu wangu wenyewe wakutane gizani, mmoja na mkono mtupu, mwingine na chupa.

"Nimefundisha mengi," nilisema.

"Nilijua tu anatunga," akasema meneja, akaandika kitu, akaondoka.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojidanganya. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya mwanangu. Kama mzee ni mwovu, binti ni shujaa; kama mzee ni mwema, binti amempofusha mtu asiye na hatia. Yatima wangu, kazi yake ya kwanza. Nani angenilaumu? Nilijipa sababu hiyo mchana, nikaimeza jioni, ingawa nilijua kabisa kwamba chini yake kulikuwa na sababu nyingine, fupi na mbaya. Sikutaka kuacha kuitwa Komandoo.

Mwanangu alirudi nyumbani akawa anaweka kiti nyuma ya mlango wa chumba chake kila anapolala. Nilikuwa namsikia akikikokota. Jioni moja nilimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, hana anachoosha.

"Mamdogo, nikuulize kitu?"

"Uliza, mwanangu."

"Alitikisa mara mbili. Akanyamaza. Halafu mara mbili tena. Mtu anayekuja kwa ubaya anabisha hodi?"

Nilifunga bomba ili nipate la kufanya. "Waovu wana ujanja mwingi."

"Na nilipovaa viatu, tunampeleka hospitali, niliumwa na siafu. Wawili. Walikuwa ndani ya kiatu." Aliinua mguu akanionyesha kidole, ingawa hakukuwa na alama tena. "Sikumwambia mtu. Nilikuwa naona aibu kulalamika siafu wakati mwenzangu damu inamtoka."

"Porini siafu wapo kila mahali."

"Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea," nilisema, na hilo lilikuwa kweli, na kweli hiyo niliitumia vibaya kuliko uongo. Aliitikia kwa kichwa, akaenda chumbani. Nilisikia kiti kikikokotwa.

Siku iliyofuata nilikwenda hospitali. Nilijikaza kisabuni, nikanunua matunda, nikavaa gauni badala ya sare. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na dirisha moja lisilofunga. Baba Mapacha alikuwa kitanda cha mwisho. Bandeji ya jicho la kulia ilikuwa imetolewa, lakini jicho lenyewe bado lilikuwa limevimba na kufumba kwa pilipili yangu. Mke wake, mama mnene mwenye uso mtulivu, alikuwa anamfuta shingo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Binti zake wale mapacha walikuwa wamesimama miguuni kwa kitanda, wanawake wazima sasa, mmoja na mtoto mgongoni.

Sikuwa nimefungua mdomo. "Hizo ni hatua za Komandoo," alisema mzee. "Goti la kulia linavuta kidogo. Karibu."

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa. Nilirudi hatua tatu, Komandoo. Nilizihesabu." Aligeuza uso upande wangu. "Binti yako hajambo? Siafu hawakumfikia?"

Nilisema hajambo. Nilisema hawakumfikia. Niliweka matunda kwenye kabati dogo nikageuka niondoke, dakika tatu hazijapita, kwa sababu nilihisi nikikaa nitapiga magoti palepale, na wodi nzima ilikuwa inatazama. Mama Mapacha alinifuata mpaka kwenye ujia. Binti zake walikuja nyuma yake.

"Dada," aliniambia taratibu, "mimi sijui mambo yenu ya kazi. Watu wa ofisini wanapiga simu, majirani wanasema, na haya mambo yana wakwe ndani yake. Nataka kusikia kwako tu, maana wewe ndiye uliyemfundisha. Mume wangu anasema mliwakataza kuita. Eti mliwaambia watikise kamba. Ni kweli?"

Alikuwa ameinua uso wake mbele yangu, tayari kuamini lolote nitakalosema. Sijawahi kuaminiwa vile na mtu asiyenijua. Kwenye ujia ule palikuwa na sisi wanne tu na ndoo ya mfagiaji. Neno moja lingetosha, na lilikuwa ni "ndiyo".

"Sikumbuki vizuri, mama," nilisema. "Tunafundisha mengi."

Aliinamisha kichwa. "Haya. Asante kwa kuja," akasema, akarudi ndani.

Jumanne niliingia uwanjani na timu mpya ya wanawake wanne. Nikasimama mbele ya hema, nikaanza, "Mtu mwema atasimama mbali akuite," nikaishia hapo. Mmoja wao akadhani ni kichekesho, akacheka. Mwingine akauliza, "Na mtu mwema asipoita je?" Niliwaambia wakanywe chai. Nilibaki peke yangu nikaling'oa hema, kigingi kimoja kimoja.

Wiki mbili baada ya ajali, kamati ilikaa. Chumba cha mikutano kina meza ndefu na feni moja inayopiga kelele. Walikuwepo mkurugenzi, meneja utumishi, mwakilishi wa wafanyakazi, mimi, na mwanangu. Mzee hakuitwa, walisema maelezo yake yanatosha. Nilikuwa nimetakiwa kuleta daftari langu la mafunzo. Badala ya daftari nilileta nakala ya ukurasa mmoja, ule wa Jumanne, nimeuchapa upya kwa herufi safi.

Meneja alisoma maelezo ya mpishi kwa sauti isiyo na uzito. Alipofika kwenye siafu, mwakilishi wa wafanyakazi alitabasamu akiangalia dirishani. Kisha mkurugenzi akamgeukia mwanangu kwa upole mkubwa.

"Binti, hatutaki kukusumbua. Thibitisha tu maelezo yako, tumalize, huyu mzee aende zake."

Mwanangu alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. "Nathibitisha. Lakini nimeacha vitu viwili. Alitikisa kamba mara mbili, akasubiri, akatikisa tena mara mbili. Na kulikuwa na siafu kwenye kiatu changu."

"Kwa hiyo unataka kusema nini?" aliuliza meneja.

"Nataka kusema huenda alikuwa anasema kweli."

"Unaelewa kwamba hiyo inakugeuzia kibao wewe?"

"Naelewa," alisema. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Hakuniangalia hata kidogo. Nilimlea mimi, nikamfundisha kumvunja mtu kidole na kujinasua kwenye kabali, lakini hicho alichokuwa anafanya pale sikumfundisha.

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu. Nilisema yote bila kupumua: Jumanne, Alhamisi, taarifa ya kambi ya mbali, swali la mpishi, cheti, suti. Nilisema ukurasa ulio mbele yao ni nusu ya ukweli na nusu ya pili imo kwenye daftari, kwenye droo ya meza yangu, imefungwa kwa ufunguo. Nilisema mzee alifanya kila kitu kama nilivyomwagiza, na binti naye alifanya kila kitu kama nilivyomwagiza, na ndiyo maana jicho limetoka.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza mkurugenzi.

"Tangu niliposoma maelezo yake."

"Na kwa nini ulinyamaza?"

Nilitaka kusema niliogopa kwa ajili ya binti. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. "Nilipenda makofi," nilisema.

Siku hiyohiyo nilisimamishwa kazi. Mpishi alisafishwa kwa barua, ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote. Mwanangu hakuadhibiwa. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye, mwendo wa saa nzima, na hakusema neno mpaka tulipofika mlangoni nikiwa natafuta funguo.

"Nilipokuuliza jikoni, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa hiyo nimempofusha mtu aliyekuja kuniokoa."

"Ni mimi, mwanangu. Kosa ni langu."

"Chupa ilikuwa mkononi mwangu, mamdogo," alisema. Aliingia ndani, akakusanya nguo zake kwenye begi lake la kambini, akaenda kwa rafiki yake anayefanya naye kazi. Hakupiga kelele, wala hakubamiza mlango. Ningependa angenitukana.

Baba Mapacha alikuwa ameshatoka hospitali. Jumamosi, saa tisa alasiri, nilikwenda kwake. Ni nyumba ya vyumba vitatu mwisho wa barabara ya vumbi, mlango wa bluu, sufuria zimeanikwa juani kwenye kichanja zinang'aa kuliko za hoteli. Mama Mapacha alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga kwenye ungo. Aliponiona hakuinuka. Niliona karatasi ya barua ya kampuni imekunjwa kwenye mfuko wa gauni lake.

"Mama," nilisema nikiwa bado nimesimama juani, "nimekuja kukuomba radhi. Siku ile pale hospitali nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka kila neno."

"Nimesoma barua," alisema. Aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda polepole, jani baada ya jani. "Alinieleza yote tangu siku ya kwanza, unajua? Hata nesi hajamaliza kumfunga. Mara mbili, hatua tatu, siafu. Mimi nikamwamini. Miaka thelathini na moja nimelala naye, namjua. Lakini watu wakasema, na wakwe wakauliza, nikasema basi, nimuulize mwalimu mwenyewe, anipe neno la kuwajibu watu."

Alichukua jani jingine.

"Nikakuuliza. Ukasema hukumbuki. Nikarudi kitandani nikamwita mwongo. Mbele ya binti zake. Nikamwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe, na yule mwenye mtoto akaondoka saa ileile, hajaleta mjukuu mpaka leo. Siku nane nilikuwa namwosha uso simsemeshi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na unajua yeye alisema nini? Hakubisha. Hakukusema vibaya. Alisema, 'Kama Komandoo hakumbuki, basi labda hakusema. Labda mimi ndiye nimechanganya. Uzee huu.' Tangu siku hiyo kila kitu ananiuliza. Chumvi nimeweka? Mlango nimefunga? Mtu aliyekuwa anapikia watu arobaini bila kuandika popote."

Aliweka ungo pembeni. Kwa mara ya kwanza aliniangalia, na usoni mwake hapakuwa na hasira, na hapo ndipo nilipolia.

"Nimemsomea barua mara tatu," alisema. "Anasema labda mmemwonea huruma tu." Alisogea kando ya kizingiti, akaniachia njia ya kupita. "Yuko ndani. Ingia ukamwambie hakuchanganya."